Ufito wa Heshima

Taadhima ni nchi ndogo, na ukiitafuta kwenye ramani utaumiza macho bure. Watu wake ni wapole, mvua yao hunyesha kwa wakati, na serikali yao inawapenda kiasi cha kuwaundia wizara ya kila kitu, ikiwemo Wizara ya Usingizi na Mapumziko. Wageni wakisikia hilo hucheka. Wenyeji hawacheki, maana hiyo ndiyo wizara pekee ambayo mtumishi akikutwa amelala saa nne asubuhi anahesabiwa yumo kazini.

Jambo moja ambalo mgeni anapaswa kulijua kabla hata hajafungua begi lake ni Nyongeza ya Heshima. Huko Taadhima, kipimo chochote kinachomhusu mkubwa hakiachwi kama kilivyo. Ni utovu wa adabu. Mkubwa akiwa na urefu wa futi tano, karani ataandika tano na nusu, na msimamizi wa karani, asije akaonekana anampenda mkubwa kidogo kuliko karani, ataandika sita. Ndiyo maana milango ya ofisi za serikali huko ni mirefu ajabu, na vioo vya chooni vimetundikwa karibu na dari. Kuongeza ni uungwana. Kupunguza ni kosa la jinai, na kosa lenyewe linaitwa hivyo hivyo, Kupunguza. Kifungo chake ni miaka mitatu, ambayo kwa heshima ya hakimu huwa mitano.

Basi katika wizara hiyo ya usingizi alikuwapo mama mmoja, jina lake Sikudhani, Mpimaji wa Daraja la Tatu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na futikamba akipima magodoro, mito na vimo vya vitanda vya serikali. Alikuwa mtu wa maneno machache na makini kupindukia. Nyumbani alikuwa na binti wa miezi minane, Tausi, na huyo Tausi kulala kwake kulikuwa vita. Ungemlaza mchagoni ukamkuta miguuni. Ungemfunika shuka, ukirudi unakuta yeye ndiye ameilalia shuka, godoro limeenda upande, na mwenyewe anakoroma.

Mwezi wa tatu mwaka ule, watoto watatu walianguka kutoka vitanda vya hospitali moja ya huko. Hawakuumia sana, mmoja tu alivimba paji la uso. Redio ikatangaza kwamba watoto watatu "wameshuka vitandani bila kufuata utaratibu." Waziri wa Usingizi, Mheshimiwa Mwakalala, alisikitika mno, akaagiza kiundwe Kitanda cha Mtoto cha Taifa, chenye fito za ubavuni zisizompitisha mtoto. Wataalamu wakakaa vikao vitano wakatoa kanuni: nafasi kati ya ufito na ufito iwe pungufu ya kichwa cha mtoto kwa sentimita moja. Kikao cha sita kilikuwa cha kuamua ni kichwa cha mtoto gani, na hicho ndicho kilichokuwa kifupi kuliko vyote. Kichwa kitakuwa cha mjukuu wa Waziri.

Akatumwa Sikudhani. Mjukuu wa Waziri alimng'ata kidole, akamtemea mate ya maziwa, kisha akatulia akacheka. Alikuwa mtoto mzuri, wa kawaida kabisa, na kichwa chake kilikuwa cha kawaida kabisa. Kutoka sikio hadi sikio, sentimita kumi na tatu. Sikudhani akaandika 13, akatia sahihi, akapeleka karatasi mapokezi.

Hiyo kumi na tatu hakuiona tena. Karani wa Mapokezi aliongeza moja tu, maana ni mtu wa mapokezi, anajua mipaka yake. Mkuu wa Sehemu akaweka kumi na sita. Mkuu wa Kitengo alikuwa anangojea kupandishwa cheo, kwa hiyo akaweka ishirini. Mkurugenzi wa Vitanda, Bwana Sembuse, aliona aibu jinsi idara yake ilivyomdhania mjukuu wa Waziri, akaandika ishirini na nne. Ikafika kwa Katibu Mkuu, ambaye siku ile alikuwa na haraka, naye akaongeza mbili bila kusoma ni mbili za nini.

*

"Dada Sikudhani, hebu njoo. Njoo uone kazi ya serikali yako."

Aliyeita ni Fundi Kombo, seremala wa wizara, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na breki. Karakana yake ilikuwa nyuma ya jengo, na katikati ya karakana palisimama Kitanda cha Mtoto cha Taifa. Kwa mbali kilipendeza. Mbao za mninga, msasa wa kueleweka, vanishi inang'aa. Mchago na upande wa miguu vilikuwa ubao mzima. Ubavu wa nyuma nao ulikuwa ubao mzima, umechorwa picha ya Waziri akiwa amefumba macho kwa kufikiri. Ubavu wa mbele ndio uliokuwa na fito, nne, nyembamba, na baina yake palikuwa peupe.

"Sentimita ishirini na tano," alisema Fundi Kombo. "Hapa mbuzi anapita na mimba yake. Mimi mwenyewe nikikosa ugali siku mbili, napita."

Sikudhani akashika mdomo. "Mimi niliandika kumi na tatu, Fundi. Wallahi kumi na tatu."

"Wangeacha kumi na tatu, nafasi ingekuwa kumi na mbili, sivyo? Basi afadhali hata hii ya mbuzi."

"Kwa nini? Si kichwa hakipiti?"

Fundi Kombo alinyoosha mkono rafuni akateremsha kopo tupu la soda, lile analowekea misumari, akalimwaga.

"Mtoto akigeuka usingizini, nani kakwambia anaanza kutoka na kichwa? Anaanza na miguu. Miguu inapita. Nyonga zinapita. Tumbo laini hilo, linapita. Kichwa ndicho kinachobaki. Unanielewa, dada? Mwili nje, unaning'inia. Kichwa ndani." Hapo akanyamaza, na tangu Sikudhani amjue hakuwahi kumwona akinyamaza katikati ya maneno. "Marehemu mke wangu alikuwa mkunga. Hili kopo lake. Alikuwa akienda nyumba yenye mtoto analipitisha kwenye fito za kitanda, moja baada ya moja. Lisipopita, sawa, mlaze mtoto. Likipita, anawaambia vunjeni hicho mkachemshie chai."

Sikudhani akalipima kopo. Upana wake sentimita sita na nusu. Alisimama na futikamba mkononi. Aliogopa, na aliona haya pia, maana hapa hapakuwa na wa kumsingizia. Alikipima kichwa vizuri sana, na katika vikao vyote sita, yeye akiwa ameketi pale pale na daftari, hakuna aliyeuliza mtoto anatangulia na nini.

*

Mlango wa Bwana Sembuse ulikuwa mrefu kiasi kwamba kitasa chake kilifikiwa kwa kigoda. Sikudhani akapanda kigoda, akafungua, akashuka, akaamkia.

"Mkurugenzi, nafasi ya fito ni kubwa. Inatakiwa iwe chini ya sentimita sita na nusu."

Bwana Sembuse alisimama akafunga dirisha. Akafunga na pazia. "Unataka niandike kwamba kichwa cha mjukuu wa Mheshimiwa ni sentimita saba? Saba, Sikudhani? Hilo si ni chungwa?"

"Sisemi kichwa, Mkurugenzi. Nasema nafasi."

"Nafasi imezaliwa na kichwa. Ukiigusa nafasi umekigusa kichwa, na ukikigusa kichwa umeigusa familia." Akashusha sauti. "Huko ni Kupunguza. Nakuhurumia kwa sababu una mtoto mchanga. Unaye, eti?"

"Ninaye. Miezi minane."

Uso wa Bwana Sembuse ukachanua. "Basi hongera! Uzinduzi ni Jumamosi asubuhi, Uwanja wa Mapumziko. Mjukuu wa Mheshimiwa ndiye alikuwa alale kitandani jukwaani wakati wa hotuba, ila ratiba yake imebana. Wako tunamteua Kaimu Mjukuu."

Jukwaa la Uwanja wa Mapumziko Sikudhani alilijua. Lilijengwa kwa vipimo vya wakubwa, urefu wake unamzidi mtu mzima, na hotuba za Mheshimiwa Mwakalala hazijawahi kupungua saa tatu, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza.

"Mkurugenzi, mwanangu anageuka sana akilala."

"Ageuke kizalendo."

"Na akiugua je?"

"Akiugua huyo tutamchukua wa Karani wa Mapokezi. Ana mapacha, tutachagua." Bwana Sembuse akampa mkono. "Kaimu Mjukuu! Watu wanakaa miaka thelathini serikalini hawajakaimu hata nyasi."

*

Siku ile Sikudhani alirudi nyumbani hana hamu ya chakula. Alimweka Tausi mkekani, akamtazama akivingirika kutoka ukuta huu hadi ukuta ule huku akipiga kelele za furaha. Kumficha angeweza. Lakini mapacha wa karani nao ni watoto wa watu, na baada ya Jumamosi vitanda vile vingesambazwa hospitali zote. Akawaza, mkono shavuni, mpaka kichwa kikauma. Nafasi haipunguzwi. Kichwa hakipunguzwi. Katika nchi nzima hakuna kinachopunguzwa.

Tausi akafika ukutani, akagonga, akacheka, akarudi. Na hapo, mkono ukiwa bado shavuni, Sikudhani akajiuliza: kwani nani amekataza kuongeza fito?

Asubuhi alikuwa juu ya kigoda kabla Bwana Sembuse hajamaliza chai. Karatasi yake ilikuwa na kichwa kirefu: Ombi la Kuongeza Ufito Mmoja wa Heshima, kwa Jina la Mkurugenzi wa Vitanda, katika Kitanda cha Mtoto cha Taifa.

Bwana Sembuse aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani. "Jina litaandikwa kwa herufi gani?"

"Kubwa, Mkurugenzi."

"Kwa moto au kwa rangi?"

"Kwa moto. Lisifutike."

Akatia sahihi mara mbili. Adhuhuri Katibu Mkuu alikuwa amesikia, akauliza ni kitanda gani hicho cha taifa chenye Mkurugenzi ndani yake bila Katibu Mkuu. Jioni Mkuu wa Kitengo alimfuata Sikudhani mpaka kituo cha basi akimbembeleza. Fundi Kombo alikwisha kupiga hesabu: pale penye fito nne zikiongezwa kumi na tano, kila nafasi itakuwa sentimita tano na nusu, na kopo halipiti. Kufika Ijumaa, kumi na nne zilikuwa na wenyewe. Hata Karani wa Mapokezi alipata wake, pembeni kabisa, karibu na mguu wa kitanda, akaja na mama yake kuutazama.

Ulibaki mmoja, wa katikati. Huo haukuweza kuwa wa mtu mwingine ila Waziri, na bila sahihi ya Waziri haukuweza kupigiliwa. Sikudhani alikwenda ofisini kwake mara tatu. Mara zote tatu mwandishi wake mahsusi alimwekea kidole mdomoni.

"Shh! Mheshimiwa anatekeleza majukumu."

Kutoka ndani majukumu yalisikika yakikoroma.

"Basi tuzisogeze hizi nyingine, Fundi," alisema Sikudhani Ijumaa alasiri. "Tuzigawanye, pasibaki wazi."

"Nizisogeze vipi? Afisa Itifaki amepita na chaki, kila mtu na mahali pake. Nikimsogeza Katibu Mkuu kidole kimoja amekuwa sawa na Mkurugenzi, na mimi niko jela."

Sikudhani akachukua kopo, akalipitisha. Halikupita popote, mpaka lilipofika katikati. Hapo likapita na mkono wake ukapita. Akatoa futikamba, akapima, akapima tena. Sentimita kumi na mbili. Ilikuwa namba yake mwenyewe, ile ambayo ingetoka kwenye karatasi yake kama wakubwa wasingeigusa.

*

Jumamosi watu walijaa. Tarumbeta zikapigwa, wimbo wa taifa ukaimbwa kwa wale wasimamao na kwa wale walalao, Tausi akavishwa kofia yenye rangi za bendera akalazwa kitandani, juu kabisa ya jukwaa. Alitazama dari la turubai, akapiga miayo, akalala. Sikudhani aliketishwa safu ya tatu. Fundi Kombo alisimama pembeni na nyundo, ufito wa kumi na tano ameubana kwapani tangu asubuhi.

Mheshimiwa Mwakalala akaamka, akasaidiwa kusimama.

"Ndugu wananchi! Usingizi ni nini?" Akakaa kimya wananchi wafikiri. "Usingizi ni amani iliyofumba macho! Taifa lisilolala, je, litaamkaje? Wenzetu wana barabara, wana viwanda. Nawauliza, wanalala saa ngapi?"

Makofi. Tausi akageuka upande wa kwanza.

Mheshimiwa akaingia kwenye historia ya godoro. Tausi akageuka upande wa pili, akafika ubavuni. Mguu mmoja mdogo ukatokeza katikati, pale pasipo na ufito. Wananchi wakaona, wakacheka kwa mapenzi, mama mmoja akasema, "Jamani, Kaimu anatupungia." Mguu wa pili ukafuata. Kisha magoti. Kisha nepi yote, taratibu, ikaanza kupita.

Sikudhani hakukumbuka baadaye aliruka safu ngapi. Afisa Itifaki alinyoosha mkono amzuie, akabaki ameshika mtandio. Alipanda ngazi za jukwaa nne nne, akapiga magoti, akamrudisha Tausi ndani kwa nyonga, kisha akageuka akaukandamiza mgongo wake pale penye uwazi, akakaa hapo hapo sakafuni anahema.

Mheshimiwa Mwakalala, ambaye katika maisha yake ya utumishi hakuwahi kukatizwa hotuba, aligeuka polepole.

"Huyu ni nani?"

Bwana Sembuse alisimama. Alifungua mdomo, jasho likaingia.

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, "mimi ni ufito wako."

"Ufito wangu?"

"Kila mkubwa ana ufito wake hapa, umeandikwa jina. Wako ndio wa katikati, nao haujatiwa sahihi. Nimeona si heshima mahali pako pabaki wazi mbele za watu. Nimepashika mimi."

Waziri akasogea. Akainama, akasoma majina kwa kidole, moja baada ya moja. Katibu Mkuu. Sembuse. Mkuu wa Kitengo. Akafika pembeni. "Hata karani wa mapokezi?" Akarudi katikati, akamkuta Sikudhani. Sauti ikamtoka nyembamba, ya mtu aliyenyimwa andazi na wenzake wanakula. "Mimi sina ufito?"

Kalamu zililetwa kumi na moja. Alitia sahihi kwenye mgongo wa hotuba yake mwenyewe. Fundi Kombo akapanda mbio, nyundo ikalia ngo, ngo, msumari ukaingia juu na chini. Lakini Sikudhani hakutoka pale mpaka alipotoa kopo kwenye mkoba wake akalipitisha. Likagonga mbao likakataa. Akalijaribu kulia, akalijaribu kushoto, likakataa. Hapo ndipo alipolia, kilio cha nguvu, na wananchi, wakidhani ni uzalendo, wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka.

Mheshimiwa akairudia hotuba tangu mwanzo, kwa heshima ya ufito. Tausi hakuamka.

*

Jumatatu Bwana Sembuse alimwita. Alikuwa na furaha tele, vitanda mia nne vinachongwa, vyote vina jina lake.

"Umepanda, Sikudhani. Daraja la Pili. Ila kuna kitu kinanisumbua." Akamsogezea kiti. "Fito kumi na tano. Kwa nini si kumi? Kwa nini si ishirini? Ulijuaje pa kuishia? Una kipimo gani? Nipe tukiandike, tukiite Kipimo cha Taifa, kianze safari leo leo."

Kalamu yake ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mkoba ulikuwa mapajani mwa Sikudhani, na kopo lilikuwa ndani ya mkoba, analihisi kwa kiganja. Akaliona likipita mapokezi likitoka limekuwa jagi. Akaliona kwa Mkuu wa Kitengo limekuwa ndoo. Akaliona likishuka kwa Katibu Mkuu, watu wanne wamelibeba, limekuwa pipa.

"Nilikisia tu, Mkurugenzi."

Bwana Sembuse alitikisa kichwa kwa masikitiko, jinsi wanawake wasivyothamini sayansi, akaandika kwamba aliyekisia ni yeye.

Jioni ile Sikudhani alipita kwa Karani wa Mapokezi kuwaona mapacha. Alibeba sukari na kopo. Wiki iliyofuata mama yake karani alilibeba jingine kama lile kwa jirani yake, na jirani kwa dada yake. Siku hizi huko Taadhima mtoto akizaliwa, wanawake huja na uji, na kanga, na mmoja wao huja na kopo tupu la soda. Kabla mtoto hajalazwa hulipitisha kwenye fito za kitanda, ko, ko, ko, ko, mpaka mwisho, wote wamenyamaza wanasikiliza. Wizara imekwisha kuandika barua mbili kuuliza kelele hizo ni za nini, na imejibiwa kwamba ni furaha. Kopo lenyewe bado lina sentimita sita na nusu, kwa sababu halijawahi kupita mezani kwa mtu.